Fumbo la Sahibu Yangu na Saratani ya Utumbo

Ndugu msomaji, leo naomba radhi kabla ya kuanza, kwani nitakayoyataja si mambo ya kutajwa barazani wakati wa kahawa. Nitasema juu ya choo, na damu, na ile sehemu ya mwili ambayo sisi watu wa pwani tumefunzwa kuisitiri tangu utotoni. Lakini wahenga walinena, mficha uchi hazai. Nami nimekwisha kumzika mtu kwa sababu ya sitara hiyo.

Mtu mwenyewe alikuwa sahibu yangu, mwenyeji wa Takaungu, mvuvi kwa kazi na mshairi kwa maumbile. Jina lake silitaji, kwa heshima ya watoto wake. Tulijuana sote wawili tungali vijana, zamani zile mto wa Kilifi ukivukwa kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Mimi nilikuwa narudi Malindi kutoka Mombasa, yeye apeleka samaki soko la Kilifi, tukakutana kwenye foleni upande wa Mnarani. Feri ilichelewa, na ilipofika tulikuwa tumekwisha kutupiana beti. Tangu siku ile hatukuacha. Kwanza kwa barua, kisha kwa simu ya mkononi, miaka zaidi ya 30, yeye akifumba nami nikifumbua.

Yapata mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliniletea ubeti huu:

Chombo changu kina tundu, chini kabisa ngamani,
Maji yaja ni mekundu, si kama ya baharini,
Nimeziba kwa ukindu, na bado yangia ndani,
Nimwonyeshe fundi gani, na haya imenishika?

Nilisoma nikacheka. Nilidhani ni mambo ya nyumbani, au deni, au tamaa ya mke wa pili. Nikamjibu kwa beti tatu za mzaha, kwamba chombo kikongwe hakikosi tundu, na kwamba nahodha mwenye mvi asitafute tanga jipya. Alinirudishia maneno mawili tu: "Ahsante, yakhe." Hata hapo sikuzindukana. Mtu aliyefumba maisha yake yote, siku alipotaka kusema kweli hakuwa na lugha nyingine ila fumbo. Na mimi niliyejigamba kuwa mfumbuzi, siku hiyo nilikuwa kipofu.

Chombo ulikuwa mwili wake. Maji mekundu ilikuwa damu aliyoiona kila alipokwenda haja. Na ukindu zilikuwa dawa. Alikwenda zahanati mara tatu, akasema ana bawasiri, akapewa malhamu ya kupaka bila ya mtu kumtazama wala kumpima. Akaenda kwa mganga, akapewa mizizi ya kuchemsha. Alipofikishwa hospitali kubwa alikuwa amekonda, hana damu, tumbo limefunga. Madaktari walikuta saratani ya utumbo mpana imekwisha kutambaa mpaka kwenye ini. Hakumaliza miezi minne.

Matangani watu waliuliza, marehemu alikuwa na nini? Jibu likawa lile lile tulitoalo siku zote: "Tumbo."

NENO MOJA LAFUKIA MENGI

Nimekaa katika matanga mengi, tangu Mambrui mpaka Takaungu, nikasikia watu wakizikwa kwa neno hilo moja. Fulani tumbo, fulani bawasiri, fulani kafanyiwa kijicho. Sisemi kuwa wote walikuwa na saratani. Nasema kuwa neno "tumbo" ni kama blanketi: likishafunika, hapana tena anayeuliza kilichoko chini yake, na mtoto wa marehemu hajui ni maradhi gani yaliyomo katika damu ya ukoo wake.

Basi na tulifunue. Utumbo mpana ni ule wa mwisho, urefu wake kwa mtu mzima ni kama mita moja na nusu, nao huishia kwenye njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kufyonza maji na kukusanya uchafu mpaka wakati wa kutoka. Katika ukuta wake wa ndani, watu wengi wanapozidi umri huota vinyama vidogo, mfano wa chunjua, ambavyo madaktari huviita polipu. Vingi havina madhara. Lakini kimoja kati yao chaweza kukua polepole, na kwa muda wa miaka, mara nyingi kiasi cha miaka 10, kikageuka kuwa saratani. Kisha saratani hupenya ukuta wa utumbo, ikasafiri na damu mpaka kwenye ini na mapafu.

Neno lenyewe saratani ni la Kiarabu, na maana yake ni kaa, yule mdudu wa pwani. Na wazee wetu wa falaki walijua buruji ya Saratani kabla hatujalijua kuwa ni jina la ugonjwa. Kaa huingia shimoni kimya kimya, na ukimtafuta amekwisha kuchimba mbali. Ndivyo yalivyo maradhi haya. Mwanzo hayaumi. Kinyama huvuja damu kidogo kidogo, tone ambalo jicho halilioni, limechanganyika na choo.

Baadaye huja dalili. Damu yaonekana, nyekundu au nyeusi kama lami. Desturi ya choo yabadilika, mara kufunga mara kuhara, kwa majuma kadhaa bila sababu. Mtu ahisi hajamaliza haja ilhali amekwisha kumaliza. Tumbo lasokota, mwili wakonda, na uchovu wamshika kwa upungufu wa damu. Si kila damu ni saratani. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini bawasiri na saratani zote mbili hutoa damu mahali pamoja, na mgonjwa hana jicho la kuzipambanua. Jina la ugonjwa na litolewe na aliyepima, si na anayeumwa wala jirani yake.

ATI NI UGONJWA WA WAZUNGU

Nilipoanza kuuliza habari za maradhi haya, mzee mmoja aliniambia, "Hayo si yetu, ni ya Wazungu wanaokula nyama na mkate." Sikumcheka, kwani maneno yake yana asili.

Alikuwako daktari mpasuaji kutoka Ireland, jina lake Denis Burkitt, aliyekuja Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na kisha hospitali ya Mulago mjini Kampala. Ndiye aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao mpaka leo waitwa kwa jina lake. Aliporudi Uingereza hakuisahau Afrika. Alipeleka barua za maswali katika hospitali nyingi za bara hili, nyingi zikiwa za misheni, akiuliza ni maradhi gani ya utumbo mnayoyaona. Majibu yalisema kuwa saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra. Mwaka 1971 alichapisha hoja yake: Mwafrika wa mashamba alikula nafaka, maharagwe na mboga zenye makapi na nyuzi nyingi, chakula kikapita haraka, utumbo ukawa salama. Burkitt alifariki mwaka 1993, na jina lake lingali likitajwa kila panapozungumzwa chakula na utumbo.

Lakini sisi tulishika nusu ya maneno yake tukaiacha nusu. Burkitt hakusema kuwa ngozi nyeusi ni hirizi. Yeye mwenyewe alionyesha kuwa Wamarekani weusi, waliokula kama Wamarekani wenzao, waliugua kama wao. Na mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya majaribio ambamo Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa mashamba ya Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa muda wa wiki mbili tu. Wale waliopewa chakula cha mashamba, matumbo yao yalipungua dalili za hatari. Na wale waliopewa chakula cha mjini, dalili zao zikapanda. Wiki mbili, ndugu msomaji!

Sasa tujitazame. Bibi zetu walikula muhogo, kunde, pojo, mtama, sima ya mahindi yasiyokobolewa, na ule mchunga mchungu ambao Wagiriama huuita mutsunga. Leo tembea Malindi jioni uone vijana waliozunguka mkokoteni wa smoki, na vibanda vya chipsi vilivyopangana. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kuwa nyama za viwandani, kama soseji, ni katika vitu vinavyosababisha saratani hii, na nyama nyekundu huenda nayo ikawa hivyo. Ongeza sigara, ulevi hata kama ni wa mnazi wetu wenyewe, unene, na kukaa kitako kutwa.

Basi maradhi yamefika. Katika Kenya saratani hii sasa yahesabiwa pamoja na zile tano zinazowapata watu wengi zaidi. Duniani, mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 walipatikana nayo, na kiasi cha 900,000 wakafa. Si ya wazee peke yao. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alijitokeza mapema mwaka 2019 akawaambia Wakenya waziwazi kuwa anaugua saratani ya utumbo iliyofika daraja ya nne. Akafariki Julai mwaka ule ule, umri wake miaka 41. Mchezaji wa sinema Chadwick Boseman alifariki mwaka 2020, miaka 43. Na Pelé, ambaye hakuna kijana wa uwanjani Malindi asiyemjua, aliuawa na saratani hii hii Desemba 2022, akiwa na miaka 82.

Hata hivyo chakula si kila kitu. Sahibu yangu alikula samaki na muhogo maisha yake yote. Umri huja na hatari yake, na ukoo nao huja na yake. Ndiyo maana hapana budi kupimwa.

MLANGONI KWA DAKTARI

Baada ya arobaini ya marehemu, mke wangu aliniuliza, "Na wewe mwenzangu, umepita miaka 50. Umepimwa?"

Nikamjibu, "Mimi siumwi."

Mke wangu ni binti wa fundi wa mashua. Akasema, "Baba hakungoja chombo kizame ndipo akipandishe pwani. Kila mwaka kilipanda, kikakwanguliwa, kikatazamwa ubao kwa ubao, kikatiwa kalafati na kupakwa deheni, ilhali chaelea vizuri. Ulidhani walikuwa wakicheza?"

Sikuwa na jibu. Siku ya pili nilikwenda zahanati, nikamkuta daktari, msichana wa umri wa binti yangu. Mimi niliyeandika maelfu ya beti nilikosa maneno.

"Nimekuja kwa mambo ya tumbo," nikamwambia.

"Lauma, mzee wangu?"

"Haliumi."

"Umeona damu unapokwenda choo?"

Nikatazama chini. Akatabasamu, akasema, "Mzee, mimi neno hilo nalisikia kila siku. Wewe ndiye unayelisikia mara ya kwanza."

Hapo nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuoni. Tulipokuwa watoto wa miaka saba na minane, tulisomeshwa katika kitabu cha Safina mambo ya tahara na kustanji, neno kwa neno, bila kicheko na bila soni. Mwalimu alikuwa akisema kuwa jambo ambalo ibada haitimii bila ya kulijua, haya haina nafasi ndani yake. Tulikuwa tukilitaja tungali watoto. Ni kitu gani kilichotufunga midomo tulipokuwa watu wazima? Uhai nao ni amana, na kuuchunga ni wajibu.

Daktari alinipa kichupa kidogo chenye kijiti. Nikaenda nacho nyumbani, nikachukua chembe ya choo, nikafunika, nikakirudisha. Hakuna sindano, hakuna kuvuliwa nguo, hakuna maumivu. Kipimo hicho hutafuta damu isiyoonekana kwa macho, na hufaa kurudiwa kila mwaka.

Changu kilionyesha damu.

Sitaficha kuwa nilitetemeka. Usiku nilisoma tena ubeti wa marehemu. Damu katika kipimo haimaanishi saratani, daktari alinieleza hivyo, lakini yataka kutazamwa ilikotoka. Nikaandikiwa kwenda Mombasa kwa kipimo kiitwacho kolonoskopi. Siku ya kuamkia kipimo nilikula chakula chepesi, nikanywa dawa ya kusafisha utumbo, na usiku ule msalani ndiko kulikokuwa kitanda changu. Hilo ndilo gumu la kazi yote. Asubuhi nilichomwa sindano ya usingizi, wakaingiza mpira mwembamba, laini, wenye kamera nchani, kupitia njia ya haja, wakautazama utumbo mpana wote. Nilipozindukana walikuwa wamekwisha.

Walikuta kinyama kimoja, ukubwa wa punje ya pojo, wakakikata papo hapo kwa mpira ule ule. Kikapelekwa kupimwa, na majibu yakaja mema. Nimeambiwa nirudi baada ya miaka waliyoniandikia.

Sisemi kuwa niliponywa saratani. Huenda kinyama kile kisingegeuka kamwe. Lakini saratani nyingi sana za utumbo huanzia katika kinyama kama hicho, na hii ni katika saratani chache ambazo uchunguzi waweza kuzizuia kabla hazijazaliwa. Na hata ikiwa imekwisha kuzaliwa, mapema si sawa na kuchelewa. Hesabu za Marekani zaonyesha kuwa wanaopatikana ugonjwa ungali ndani ya utumbo tu, watu kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukishasambaa mbali, hawafiki 2 kati ya 10. Sahibu yangu alikuwa katika hawa wa pili, na ubeti wake alikuwa ameniletea mwaka mzima kabla.

TUFANYEJE?

Kwanza, tujue wakati wetu. Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa uchunguzi wa saratani mwaka 2018, na ya utumbo mpana imo. Marekani ilikuwa ikianza kuwapima watu katika umri wa miaka 50, na mwaka 2021 ikashusha mpaka 45. Kwa hiyo ukifika 45, mwanamume au mwanamke, hata kama huumwi, nenda kaulize. Ikiwa baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani hii, usingoje 45. Anza ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliopatikana nayo yeye, lolote litakalotangulia. Na mwenye kuona damu, awe na umri wowote, asingoje hata siku moja.

Pili, usiridhike na malhamu ya kupaka. Sema, "Nataka nipimwe." Kama wamekupa dawa na damu haikukoma, rudi, au nenda kwingine.

Tatu, tusidanganyane juu ya gharama na safari. Kipimo cha kichupa ni rahisi, lakini kolonoskopi haipatikani kila hospitali, na kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kilomita kama 120. Mimi nilikopa nauli na ada, na najua wako wasio wa kumkopa. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka na mahali pake pakashikwa na SHA. Basi jiandikishe ungali mzima, na uulize mapema ni nini watakacholipa. Na wakubwa wa kaunti tuwaulize vile vile, kwani kumwambia mtu akapimwe bila ya kumwekea kipimo karibu ni kumwonyesha kisima bila ndoo.

Nne, matangani tuseme kweli. Familia ikiridhika, na itajwe saratani ya utumbo kwa jina lake, ili watoto wa marehemu wajue la kuuliza. Imamu katika hotuba, padri katika mahubiri, wazee wa kaya, kina mama katika vyama vyao, wote wana masikio ya watu. Mwezi wa Machi sehemu nyingi za dunia huufanya mwezi wa kukumbushana saratani hii; hata sisi twaweza kuutumia.

Na sisi washairi tuna deni letu. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alituachia neno runinga ili tusikose la kuitia televisheni. Je, tutashindwa kuwapa watu maneno ya kumwambia daktari? Fumbo ni pambo la lugha, lakini mgonjwa asiachwe afumbe peke yake.

Deni langu mimi nalilipa kwa kuchelewa. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpelekea sahibu yangu siku ile, badala ya mzaha. Kwake halitafika tena. Lichukue wewe, ndugu msomaji:

Fundi yupo usingoje, mwonyeshe tundu mapema,
Haya uiache nje, hodi unapoisema,
Maji mekundu yataje, kinywa kisije kukwama,
Chombo kingali salama, ufukweni kisogeze.